Wapandaji Kumi na Mmoja, Washukaji Wawili

Kama hujawahi kukaa kwenye benchi la mbele ya londri ya Shaame, pale Kilburn, basi starehe hukukosa, kelele ndizo ulizokosa. Benchi lenyewe lilikuwa la kaunsili, mguu mmoja umeegeshwa kwa tofali. Nyuma yake kioo cha londri na mashine zinazunguka, mbele yake barabara na mabasi, na ng'ambo ya barabara kibanda chekundu cha simu. Shaame, Mpemba aliyekimbia kwao mwaka wa sitini na nne, ndiye aliyeziangalia mashine, na ndiye aliyepika kahawa ya tangawizi kwenye jiko la umeme kule nyuma, akaitoa nje kwa birika na vikombe visivyofanana. Kwa hiyo wakamwita Birika. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, Novemba sabini na tatu, saa nne na robo asubuhi, baridi inauma masikio, na kila mtu pale benchini alikuwa na maoni juu ya hisa za Pranlal isipokuwa Pranlal mwenyewe.

Huyu Pranlal walimwita Masanduku. Alizaliwa Mwanza, akaoa Kampala, na miaka kumi na tisa aliuza masanduku ya safari katika duka lake kule, makubwa kwa madogo, ya ngozi na ya bati. Mwaka uliopita, Wahindi walipopewa siku tisini waondoke Uganda, yeye aliyeuzia nusu ya mji masanduku alishuka Uingereza na mkewe Kanchan, watoto wawili, mama yake mzee, na mfuko wa turubai uliofungwa kwa kamba. Askari walikuwa wamelifunga duka yeye akiwa nje, masanduku yote ndani. Aliisimulia hadithi hiyo mwenyewe siku ya kwanza aliyokaa benchini, wakacheka naye, jina likaganda. Sasa alikuwa na shifti ya jioni kwenye bohari moja huko Hayes, na familia nzima ililala chumba kimoja juu ya duka la samaki wa kukaanga.

Kitu kimoja tu kilisalimika, kwa sababu hakikuwa Uganda: hisa za Aldgrave, kampuni ya matairi, ambazo marehemu kaka yake alimnunulia hapa London kidogo kidogo, zamani. Akiziuza leo, zinatosha kianzio, yaani malipo ya kwanza, cha duka moja la Neasden lenye vyumba vitatu juu yake, basi, hakibaki kitu. Akisubiri zikapanda, atapata duka jingine na bidhaa za kulijaza. Akisubiri zikashuka, kama zilivyokuwa zikishuka tangu mafuta yapande bei, hatapata duka wala bidhaa. Karani wa broka, dalali wa hisa, alisema atangoja simu hadi saa tano. Ejenti wa duka alisema atangoja sahihi hadi saa sita, halafu anampa mtu mwingine. Na Kanchan, akimfunga skafu shingoni asubuhi ile, alisema lake.

— Usinirudie na hadithi za benchini. Nirudie na ufunguo.

Basi na Pranlal, kwa kuwa alikuwa anaogopa, alikwenda wapi? Benchini.

— Leo wapandaji kumi na mmoja, washukaji wawili, alisema Talib, akaligonga gazeti kwa ukucha. Unasikia, Masanduku? Kumi na mmoja kwa wawili. Tangu Machi sijaandika kitu kama hiki.

Talib alikuwa Mzanzibari, karani wa posta wa zamu ya usiku, na zamani kwao alikuwa karani wa karafuu. Kila asubuhi akitoka kazini alinunua lile gazeti la pinki la watu wa hisa. Habari hakuzisoma. Alifunua moja kwa moja kurasa za nyuma, akatafuta kifungu kidogo ambacho hata mhariri wake sijui kama alikisoma.

— Nieleze tena, alisema Pranlal. Taratibu.

— Mara ngapi, yakhe? Haya. Kuna watu hawanunui hisa, wananunua haki. Analipa kidogo leo, anapata haki ya kununua hisa kwa bei ya leo, hata miezi mitatu ijayo. Huyo anaamini nini?

— Kwamba itapanda.

— Huyo mpandaji. Mwingine analipa apate haki ya kuuza kwa bei ya leo. Huyo anaogopa itashuka. Huyo mshukaji. Gazeti linataja kampuni ambazo watu wamezinunulia haki jana, na za upande gani. Mimi nahesabu. Matumaini huku, hofu huku. Mtu ukimuuliza unaamini nini atakudanganya, lakini akitoa mfukoni mwake amesema kweli.

Akatoa daftari lake la miezi minane, safu mbili kila ukurasa, mwandiko wa karani aliyefundishwa kwa viboko.

— Na Aldgrave imo?

— Imo. Upande wa wapandaji. Ngoja, Masanduku. Usiuze.

Pranlal alivuta pumzi, na kwa muda wa kikombe kimoja cha kahawa alijisikia mwepesi.

— Mimi nakataa, alisema Naftali.

Naftali alikuwa Mkenya, kondakta wa basi, tayari amevaa yunifomu ingawa zamu yake ilianza mchana. Jina lake la benchini lilikuwa Kondakta, hawakujisumbua.

— Nakataa kabisa, bana. Wakijaa upande mmoja hivyo, hiyo basi imejaa. Nani atapanda tena? Ikifika stendi inayofuata, wote watafanya nini? Watashuka.

— Wewe kila kitu kwako basi.

— Kwa sababu mimi naona watu, wewe unaona karatasi. Hawa makarani wa City, kule kwenye mabenki, nawabeba asubuhi na jioni. Mwezi wa tano walikuwa wanakaa juu ghorofani, wanavuta sigara, wanacheka. Sasa wanasimama chini karibu na mlango. Mtu anasimama karibu na mlango kwa nini?

— Kwa sababu anashuka karibu.

— Kwa sababu anaogopa, Talib. Hajui anaogopa nini, lakini miguu inajua. Uza, Masanduku. Uza saa hii.

Wepesi ule ukamtoka Pranlal. Alitazama saa ya ukutani ndani ya londri, juu ya mashine ya kukaushia. Saa nne na dakika ishirini na nane. Akakitazama kibanda cha simu ng'ambo. Ndani yake alikuwamo mwanamke mwenye koti la kijani, amefungua mlango kidogo kwa goti ili mbwa wake apumue.

Shaame akajaza vikombe bila kuulizwa.

— Nyote hamjui, alisema. Makarani wa benki wananiletea mashati yao hapa. Nafua mwenyewe, naanika mwenyewe. Mtu akiwa na hofu hutoka jasho kwapani, akiwa na matumaini hutoka jasho kolani. Sicheki. Juma hili ni kwapa tupu.

— Kwapa, alisema Talib.

— Kwapa. Mashati ishirini na sita, na ishirini ni kwapa.

— Sasa mtu auze urithi wa marehemu kaka yake kwa sababu ya kwapa.

— Afadhali kwapa langu kuliko kifungu chako. Jasho mtu halinunui.

Siku nyingine Pranlal angecheka mpaka kahawa imtoke puani. Leo alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili na hakukumbuka kunywa. Hasira zilimpanda, na hakujua anamkasirikia nani. Hawa watu walikuwa wakibishana kwa raha, na raha yao ilikuwa juu ya vyumba vitatu vya Kanchan.

— Nipeni neno moja, alisema. Mmoja wenu. Niuze au nisiuze?

— Usiuze, alisema Talib.

— Uza, walisema wengine wawili.

— Tazama, alisema Talib, na sasa alikuwa amesogea ukingoni mwa benchi. Nitakwambia nilichokuwa sikutaka kusema. Hawa kumi na mmoja si watu wa kubahatisha. Mtu wa kawaida hajui hata haki hizi zinauzwa wapi. Hawa wana shemeji serikalini. Wameshasikia kwamba mafuta yatashuka bei, na sisi tutasikia mwezi ujao. Wameshindwa kunyamaza tu, na kelele yao ndiyo hii hapa gazetini.

— Basi hao wawili je? aliuliza Naftali. Hao wawili wa kushuka ndio wenye shemeji. Siri ya kweli wanaijua watu wawili, si kumi na mmoja. Ukiona kumi na mmoja wanajua kitu, hiyo ni tangazo.

— Na mimi naona wametumwa, alisema Shaame kwa sauti ya chini. Wamelipwa waingie gazetini, ili watu kama Talib wawahesabu.

Talib aligeuka akamtazama. Miaka tisa walikuwa wakinywa kahawa pamoja.

— Watu kama mimi?

— Mtu yeyote mwenye daftari, mwenzangu. Sijasema wewe.

— Umesema Talib. Nimesikia jina langu.

Saa nne na dakika arobaini. Mwanamke wa simu aliongeza sarafu nyingine. Pranlal alisimama, akakaa, akasimama tena. Mfukoni alikuwa na sarafu nne za peni mbili mbili, alikuwa akizisugua kwa kidole tangu atoke nyumbani, na bahasha ya hisa ilikuwa ndani ya koti, kifuani. Alijiona mjinga. Umri wa miaka hamsini na mmoja, baba wa watu, anangoja kuamuliwa na gazeti, basi na kwapa.

Mlango wa londri ukafunguliwa, mvuke wa sabuni ukatoka, na msichana mmoja akatoka nao. Alikuwa na gauni la manesi chini ya sweta kubwa la bluu.

— Shikamooni wazee. Naomba nikae, mashuka yangu yamebakiza dakika kumi na ndani hakuna kiti.

— Marahaba, walijibu. Wakajisogeza.

— Winifrida, alisema. Nasomea unesi. Nimetoka Bukoba.

— Bukoba, alisema Pranlal. Jirani.

— Jirani, baba.

Shaame akamtafutia kikombe, kile chenye mpini uliovunjika. Msichana akanywa, akashukuru, akatazama barabara. Lakini benchi lile halina siri. Kabla kahawa haijafika nusu, Talib alikwisha mweleza wapandaji na washukaji, Naftali alikwisha mpinga, na daftari lilikuwa mapajani mwake. Alilisoma kwa makini, kidole juu ya safu, kama chati ya mgonjwa.

— Samahani, mzee wangu. Nimeelewa, ila kidogo tu. Hawa kumi na mmoja wamenunua haki. Wamenunua kwa nani?

— Kwa watu, alisema Talib.

— Watu gani?

— Watu wa soko. Matajiri. Makampuni.

— Na hao waliowauzia wanaamini nini?

Talib aliinama juu ya daftari, akafuata safu kwa ukucha.

— Nauliza tu, alisema Winifrida. Maana kama mnunuzi anaamini bei itapanda, aliyemuuzia si anaamini haitapanda? Basi wako kumi na mmoja huku na kumi na mmoja huku. Mbona kwenye daftari umewaandika wa upande mmoja?

Talib alilichukua daftari lake, akarudisha kurasa nyuma, Oktoba, Agosti, Juni, akawa anatafuta watu ambao hakuwahi kuwaandika. Naftali, ambaye siku nyingine angeshangilia, alitazama viatu vyake.

— Anayeuza haamini kitu, alisema Shaame mwishowe. Anauza tu. Ni kazi yake. Muulize Masanduku hapa, yeye ndiye alikuwa muuzaji.

— Uliuza nini, baba?

— Masanduku ya safari. Kampala.

— Kampala, alisema msichana, na uso wake ukabadilika, kwa sababu Bukoba si mbali na mambo yale waliyaona yakipita. Mpaka lini?

— Mpaka mwisho.

— Basi wewe utajua. Watu walipokuwa wakija kununua, wewe ulikuwa unaamini nini?

Pranlal alitaka kujibu. Alitafuta jibu kwa haraka kama mtu anayepapasa mifuko yake kituoni, na badala ya jibu alimkuta mke wa Mwalimu Trivedi amesimama mlangoni mwa duka lake.

Ilikuwa miezi miwili kabla ya tangazo la siku tisini. Zamani aliuza masanduku matatu kwa juma. Mwanzo wa mwaka ule yakawa matatu kwa siku, halafu matano. Aliyaandika yote, jioni baada ya jioni, kwa kalamu nyekundu kwa kuwa alifurahi. Hakujiuliza wateja wanakwenda wapi. Alisema tu biashara imechangamka, akaandika barua Nairobi aletewe sitini zaidi. Mke wa Mwalimu alinunua manne kwa mpigo, akalipa bila kupunguziwa, mwanamke ambaye miaka yote alivutana naye hata kwa senti kumi. Akafika mlangoni, akageuka.

— Na wewe, Pranlal? Lako umelifunga?

Naye akacheka. Alicheka kweli, kwa moyo mkunjufu, mikono imeegemea kaunta.

— Mwenye duka hasafiri, mama.

Yale sitini yalifika juma lile lile la tangazo. Ndiyo askari waliyoyafungia.

— Baba? Nimekuudhi?

— Hapana, binti. Hapana.

Saa tano kasoro dakika nane. Ng'ambo ya barabara mwanamke wa koti la kijani alitoka kibandani akimvuta mbwa wake. Pranlal aliweka kikombe chini, juu ya tofali.

— Unakwenda kufanya nini? aliuliza Talib. Masanduku. Sema kwanza.

Hakusema. Alivuka barabara vibaya, teksi ikampigia honi, akaingia kibandani akafunga mlango. Vidole vyake vilikuwa vya baridi, sarafu ya kwanza ikaanguka, akatumia ya pili. Kwenye kioo aliwaona wenzake wote wamesimama, hata Shaame na birika lake.

Karani wa broka alikuwa kijana mwenye sauti safi.

— Uza, alimwambia kwa Kiingereza. Zote za Aldgrave. Na umpigie ejenti umhakikishie fedha, kama tulivyokubaliana.

— Una hakika, bwana? Asubuhi hii kuna matumaini mengi sokoni.

— Nimesikia. Kumi na mmoja.

— Samahani?

— Uza. Na nani anazinunua?

— Hilo huwa hatulijui, bwana.

— Hata mimi wanunuzi wangu nilikuwa siwaulizi, alisema Pranlal, na karani akamsomea bei. Ilikuwa chini kidogo ya jana. Ilitosha. Pranlal alirudisha mkono wa simu mahali pake.

Aliporudi walikuwa bado wamesimama.

— Nimeuza.

Talib alikaa. Daftari alilifunga, akaliweka chini ya paja kama mtu anayeficha kitu kibaya.

— Miezi minane. Basi takataka.

— Si takataka, Talib. Hesabu zako ni sahihi. Hata zangu zilikuwa sahihi. Tuliwaandika wanunuzi tu.

— Na zikipanda Jumatatu? aliuliza Naftali. Si kwa ubishi, alitaka kujua.

— Zitakuwa zimepanda. Nitakuwa naziona kutoka dirishani, chumba cha pili.

— Naogopa kwa niaba yako, alisema Shaame.

— Na mimi naogopa.

Shaame aliinamisha birika juu ya kikombe cha Pranlal ampe ya kuagia, na kikatoka kijiko cha mashapo tu. Akalitikisa. Hamna. Ndani, mashine ya kukaushia ilisimama, na Winifrida akainuka kwenda kwenye mashuka yake.

— Sikutaka kukuharibia, baba, alisema mlangoni. Mimi niliuliza tu.

— Kuna mwingine aliwahi kuniuliza. Nilicheka.

Basi la Neasden lilikuwa linakuja, na Naftali, kwa heshima yote ya yunifomu yake, aliingia barabarani akalisimamisha mahali pasipo kituo. Dereva alimtukana. Pranlal alipanda, akaishika bahasha yake ndani ya koti, hakukaa juu wala hakusimama mlangoni, alikaa kiti cha katikati. Kondakta wa basi lile alimfikia, mashine ya tiketi ikiwa tumboni.

— Wapi?

— Neasden.

Akalipa, akapokea tiketi. Nje, benchi lilibaki nyuma na wale watu watatu, tayari wamekwisha anza tena, mikono inapaa. Pranlal aligeuza uso dirishani.

— Nimelifunga, mama, alimjibu mke wa Mwalimu kwa Kigujarati, taratibu, na kondakta, aliyedhani anasemeshwa yeye, alitikisa kichwa akaenda kwa abiria mwingine.